Kibali cha Kuvuta Maji na Kumwaga Maji Taka New Zealand: Mwongozo Kamili wa Kupita Halmashauri ya Mkoa

Ukichimba kisima Canterbury na maji yakapanda, bado huna maji. Una shimo. Kibali cha kuchimba ni kimoja na kibali cha kuvuta maji ni kingine. Mtu anaweza kumlipa mchimbaji, akanunua pampu na mabomba, ndipo aambiwe kwamba maji ya eneo lile yameshagawiwa yote.

Mwongozo huu unafuata kazi mbili zinazopita sana kwenye meza za halmashauri za mikoa: kuvuta maji ya chini ya ardhi kwa umwagiliaji, na kumwaga shambani maji taka ya banda la kukamulia ng'ombe. Sheria inayotawala ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya 1991. Vifungu vyake tunavitaja kwa namba ili uvipate bila shida katika maandishi ya Kiingereza. Fahamu pia kwamba sheria hii iko njiani kubadilishwa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria mbili za kuirithi, zikafutwa Desemba mwaka huohuo, kisha Desemba 2025 serikali ikapeleka bungeni miswada mingine miwili. Siku ya kuwasilisha ombi, soma toleo la sheria la siku hiyo.

Ujue mlango wa kugonga

New Zealand ina halmashauri za mikoa 11. Hizi husimamia maji, umwagaji wa uchafu majini, ardhini na hewani, mmomonyoko wa udongo, na bahari ya pwani hadi maili 12 za baharini. Majengo, ugawaji wa viwanja na kelele ni kazi ya halmashauri za wilaya na miji. Kuna sehemu kama Auckland, Gisborne, Nelson, Tasman na Marlborough ambako chombo kimoja kinafanya kazi zote mbili. Kwingineko mradi mmoja unaweza kuhitaji vibali kutoka ofisi mbili. Banda jipya la ng'ombe huenda likahitaji ruhusa ya wilaya, na maji taka yake ruhusa ya mkoa. Ukipeleka ombi moja na kuficha la pili, kifungu cha 91 kinaipa halmashauri nguvu ya kuliweka ombi lako kando mpaka ulete lingine.

Mtanzania aliyezoea Bodi za Maji za Mabonde hatapotea sana hapa. Mageuzi ya 1989 yaliichora mipaka ya mikoa ya New Zealand kwa kufuata, kwa sehemu kubwa, mabonde ya mito, kwa hoja ileile iliyoifanya Tanzania igawe maji yake katika mabonde tisa. Tofauti ni kwamba Tanzania kibali cha maji hutoka bodi na cheti cha mazingira hupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. New Zealand, tathmini ya athari ni sehemu ya ombi lenyewe na anayeisoma ni ofisa yuleyule.

Anza na mpango wa mkoa, fomu itafuata

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kujaza fomu kabla ya kusoma mpango wa mkoa. Mpango ndio wenye kanuni, na kanuni ndizo zinazosema shughuli yako iko daraja gani.

Kwanza shika tofauti hii. Kwa ardhi (kifungu cha 9), unaruhusiwa kufanya jambo mpaka kanuni ikukataze. Kwa pwani, vitanda vya mito, maji na umwagaji wa uchafu (vifungu vya 12 hadi 15), mambo yamegeuzwa: umekatazwa mpaka kanuni au kibali kikuruhusu. Kwa hiyo mpango ukiwa kimya kuhusu maji yako, ukimya huo si ruhusa. Yanayosalimika bila kibali ni machache, kama maji ya matumizi ya kawaida ya nyumbani na ya kunywesha mifugo, mradi yasilete madhara kwa mazingira (kifungu cha 14(3)(b)), na maji ya kuzimia moto.

Madaraja ni sita. Shughuli inayoruhusiwa haihitaji kibali ukitimiza masharti yote ya kanuni, na "yote" hapa ni yote: kanuni ikisema lita 5 kwa sekunde nawe unavuta 5.5, umeshatoka daraja hilo. Shughuli inayodhibitiwa lazima ipewe kibali, halmashauri inachoweza ni kuweka masharti katika mambo yaliyotajwa tu. Ya hiari yenye mipaka inaweza kukataliwa, ila kwa sababu zilizoorodheshwa kwenye kanuni peke yake. Ya hiari kamili inapimwa kwa kila kitu. Isiyoendana na mpango ina mtego wa kifungu cha 104D: kabla hata ya kupimwa, lazima upite mmoja kati ya milango miwili, ama athari ziwe ndogo, ama shughuli isipingane na malengo na sera za mpango. Iliyopigwa marufuku haiombwi kabisa.

Pata daraja lako kwa maandishi. Halmashauri nyingi hufanya kikao cha awali na mwombaji. Nenda na ramani, viwango vya maji unavyotaka na namba ya kanuni unayodhani inakuhusu, ukamwulize ofisa maswali matatu: daraja ni lipi, eneo hili la maji limebakiwa na kiasi gani cha kugawa, na ni majirani na iwi gani (makabila ya Wamaori, wenyeji asilia wa New Zealand) wanaoguswa. Swali la pili ndilo linalookoa fedha. Maji hugawiwa kwa aliyetangulia, na eneo likijaa, njia iliyobaki mara nyingi ni kununua kibali cha mtu mwingine na kukihamishia kwako chini ya kifungu cha 136, ndani ya bonde hilohilo.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo ombi linapopata nguvu au kuanguka. Halmashauri inataka namba tatu: lita kwa sekunde, mita za ujazo kwa siku, na mita za ujazo kwa mwaka. Zote lazima zitoke kwenye mahitaji ya zao. Ukubwa wa pampu uliyokwisha kununua hauhusiki.

Tuseme una hekta 40 za mboga na zao kileleni linahitaji milimita 4 kwa siku. Milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Kwa hiyo 40 × 4 × 10 = mita za ujazo 1,600 kwa siku. Ukipampu saa 24, hiyo ni karibu lita 18.5 kwa sekunde. Ukipampu saa 16 tu ili kukwepa umeme wa bei ya juu au upepo wa mchana, inapanda kufika karibu lita 27.8. Kwa mwaka, kama msimu wote unahitaji milimita 450 za umwagiliaji, unaomba mita za ujazo 180,000.

Sasa angalia mtu anavyojiharibia. Anaandika lita 30 kwa sekunde "ili nisibanwe", haandiki saa, na anaacha kiasi cha mwaka wazi. Ofisa anakokotoa: lita 30 kwa saa 24 ni mita za ujazo 2,592 kwa siku, zaidi ya mahitaji kwa asilimia 62. Ombi linarudi na maswali, na tangu hapo kila namba nyingine ndani yake inatiliwa shaka. Andika mwendo wa pampu, saa zake, kiasi cha siku na cha mwaka, na uonyeshe hesabu yenyewe kwenye ukurasa.

Kwa kisima, namba pekee hazitoshi. Unahitaji jaribio la kupampu: kwanza kwa hatua, ukiongeza mwendo kidogo kidogo, kisha kwa mwendo mmoja bila kusimama, kwa kawaida saa 24 hadi 72 kwa visima vikubwa, huku ukipima kina cha maji kwenye kisima chako na kwenye visima vya jirani. Pima pia maji yanavyopanda kurudi baada ya kuzima pampu. Wengi huzima, wakafunga vifaa na kuondoka, wakati kupanda huko ndiko kunakotoa picha safi kwa sababu hakuna mtikisiko wa pampu. Kisima kilicho karibu na mto kina jambo la ziada. Kikiwa kinanyonya maji ya mto kupitia changarawe, halmashauri inaweza kukihesabu kama bomba lililotiwa mtoni, na hapo kitaingia kwenye sharti la mtiririko wa chini: mto ukishuka hadi kiwango fulani, unapunguza au unazima. Sharti hilo huuma katika wiki kavu kuliko zote, yaani wiki ambayo zao linahitaji maji zaidi. Weka bwawa la akiba kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hesabu ya maji taka

Kwa banda la ng'ombe 300, makisio ya kawaida ni lita 50 za maji ya kuoshea kwa kila ng'ombe kwa siku. Hiyo ni mita za ujazo 15 kwa siku. Ikiwa udongo wako hulowa kiasi kwamba huwezi kumwagilia siku 60, unahitaji mita za ujazo 900 kabla ya kuhesabu mvua. Mvua ya milimita 200 ikianguka kipindi hicho juu ya uwanja wa saruji wa mita za mraba 1,000 inaongeza 200, na juu ya bwawa lenye uso wa mita za mraba 600 inaongeza 120. Jumla 1,220. Juu yake acha nafasi tupu ya nusu mita chini ya ukingo. Bwawa la 900 lingefurika, na kufurika kunaingia moja kwa moja kwenye kifungu cha 15.

Unapomwaga, kipimo kinafuata nafasi iliyobaki kwenye udongo. Udongo ukiwa na upungufu wa milimita 8, ukimwaga 12, zile 4 zitashuka kwenye maji ya ardhini au zitasimama juu kama vidimbwi. Vidimbwi ndivyo mkaguzi anavyovitafuta kwanza. Chanzo chake cha kawaida ni kinyunyizi cha kutembea kilichokwama: waya umekatika au gurudumu limezama, mashine imesimama mahali pamoja na pampu inaendelea kusukuma usiku kucha mpaka maji yanafika mtaroni. Dawa yake ni swichi inayozima pampu pale mgandamizo unapobadilika au mashine inapoacha kutembea. Itaje kwenye ombi kama sehemu ya mfumo, ieleze inavyofanya kazi, na sema nani ataijaribu na mara ngapi.

Kifungu cha 107 kinaweka ukuta. Umwagaji kwa kawaida hauwezi kupewa kibali kama, baada ya kuchanganyika vya kutosha na maji, utaleta utando wa mafuta au povu linaloonekana, kubadilika kwa rangi au ung'avu, harufu mbaya, maji yasiyofaa mifugo, au madhara makubwa kwa viumbe wa majini.

Tathmini ya athari, fomu, na majirani

Jedwali la Nne la sheria linaorodhesha kinachotakiwa ndani ya tathmini: maelezo ya shughuli, hali ya mahali, athari halisi na zinazoweza kutokea, njia mbadala pale athari zinapokuwa kubwa au unapomwaga uchafu, hatua za kupunguza, watu waliohusishwa na majibu yao, na ufuatiliaji. Uzito wa maelezo ulingane na ukubwa wa athari. Kisima kidogo hakihitaji kurasa 200. Lakini kinachorudisha maombi mara nyingi ni sentensi ya aina ya "athari zitakuwa ndogo" isiyo na kipimo chochote nyuma yake. Andika: kisima cha jirani kilicho mita 350 kinakisiwa kushuka sentimita kadhaa baada ya siku 150 za kupampu, pampu yake imewekwa kina fulani, na kwa hiyo hatakosa maji. Hapo ofisa ana kitu cha kukagua.

Ombi hujazwa kwenye Fomu ya 9. Majirani wanaokubali hutia saini Fomu ya 8A, pamoja na kila ukurasa wa ramani au mpango waliouona. Mtu akitoa idhini ya maandishi, halmashauri haihesabu tena athari juu yake. Ndiyo maana kikombe cha chai na jirani kabla ya kuwasilisha huweza kukupunguzia miezi. Usimpe pesa ili asaini bila kumweleza. Mwachie nakala.

Iwi na hapū (koo ndani ya iwi) wa eneo wasiachwe mwisho. Sheria yenyewe (kifungu cha 36A) haikulazimishi kushauriana na yeyote. Lakini uhusiano wa Wamaori na maji yao umewekwa miongoni mwa mambo yenye uzito wa kitaifa katika kifungu cha 6, ulinzi wao wa asili, kaitiakitanga, uko kifungu cha 7, na misingi ya Mkataba wa Waitangi, ule wa 1840 kati ya Wamaori na Taji la Uingereza, kifungu cha 8. Kuna mito yenye sheria zake: Whanganui ulitambuliwa mwaka 2017 kuwa mtu kisheria. Omba orodha ya wanaohusika kutoka halmashauri na uwape muda. Ukiandika "tulituma barua pepe, hawakujibu" baada ya siku tano, umejiandikia swali la ofisa.

Saa inavyohesabiwa

Halmashauri ina siku 10 za kazi kuamua kama ombi limekamilika. Pungufu linarudishwa, na ukileta tena ni ombi jipya: kwenye eneo linalokaribia kujaa, unaweza kuwa umempisha mwingine foleni. Likipokelewa, ofisa anaamua kama litatangazwa. Kigezo kinasikika kama mchezo wa maneno, ila ndicho kinachoendesha kila kitu: athari zikizidi "ndogo", umma wote unatangaziwa, zikiwa ndogo au zaidi kwa mtu fulani, yeye anajulishwa, zikiwa chini ya ndogo, hakuna anayejulishwa.

Ombi lisilotangazwa huamuliwa ndani ya siku 20 za kazi. Lililotangazwa kwa umma na kusikilizwa, siku 130. Kwa watu wachache na kusikilizwa, siku 100. Bila kikao cha kusikiliza, 60. Watu wana siku 20 za kazi kutoa maoni. Siku kati ya 20 Desemba na 10 Januari hazihesabiwi kabisa, kwa hiyo ombi la katikati ya Desemba ni ombi la Januari.

Kifungu cha 92 kinamruhusu ofisa kuomba maelezo zaidi, na saa inasimama. Una siku 15 za kazi kufanya moja kati ya matatu: kuleta, kukubali kwa maandishi kwamba utaleta, au kukataa kwa maandishi. Kunyamaza ndiyo njia mbaya kuliko zote. Gharama ni zako: amana mwanzoni, kisha saa halisi za maofisa. Halmashauri ikichelewa kwa kosa lake, unapunguziwa asilimia 1 kwa kila siku ya kazi, hadi asilimia 50. Kagua ankara.

Uamuzi ukitoka, rufaa kwenda Mahakama ya Mazingira ni ndani ya siku 15 za kazi.

Masharti: soma rasimu kabla hayajakufunga

Omba rasimu ya masharti kabla ya uamuzi na uipitishe kwa mtu atakayeendesha pampu. Sharti lisilopimika litakugeuka. "Mwombaji atapunguza harufu kadiri iwezekanavyo" linasikika laini mpaka jirani apige simu. Afadhali sharti lenye namba, mahali pa kupimia na tarehe ya ripoti.

Kwa maji, mita ni lazima kuanzia lita 5 kwa sekunde chini ya kanuni za kitaifa za 2010 za kupima uvutaji wa maji. Makosa yake yasizidi asilimia 5 kwenye bomba na 10 kwenye mfereji, na ihakikiwe na fundi aliyeidhinishwa kila miaka 5. Marekebisho ya 2020 yaliongeza rekodi ya kila dakika 15 inayotumwa kila siku kwa njia ya kielektroniki, wakianza wavutaji wakubwa wa lita 20 na zaidi. Kinachoharibika mara kwa mara si mita. Mita mara nyingi ni nzima, ila betri ya kisambaza data imekufa, au imefungwa karibu mno na kona ya bomba ambako maji yanazunguka. Acha bomba lililonyooka mbele na nyuma ya mita kwa urefu anaoutaja mtengenezaji. Data ikikatika, mjulishe ofisa siku hiyohiyo na uandike usomaji kwa mkono.

Ukivunja masharti, ngazi ni hizi: onyo, faini ya papo hapo, notisi ya kusitisha, amri ya mahakama, kesi. Tangu mabadiliko ya 2025, faini ya juu mahakamani ni dola za New Zealand milioni 1 kwa mtu binafsi na milioni 10 kwa kampuni. Kwa kumwaga uchafu, halmashauri haihitaji kuthibitisha kwamba ulikusudia. Kinyunyizi kikikwama usiku, rekodi yako ya majaribio ya ile swichi ndiyo utetezi wako.

Tarehe tatu za kuandika ukutani

Ya kwanza: kibali kisichotumika hufa baada ya miaka 5, isipokuwa chenyewe kinasema vingine au umeongezewa muda. Ya pili: ukomo. Vibali vya maji na umwagaji havizidi miaka 35, na kama karatasi haitaji muda, ni 5. Ya tatu ndiyo inayoumiza. Ukiomba upya angalau miezi 6 kabla ya ukomo, unaendelea kufanya kazi kwa kibali cha zamani mpaka uamuzi utoke. Kati ya miezi 6 na 3, ni hiari ya halmashauri. Chini ya hapo, pampu inazimwa siku ya ukomo hata kama ombi liko mezani. Weka kikumbusho miezi 18 kabla, kwa sababu jaribio la kisima na maoni ya majirani vitataka muda wake.

Na ukinunua shamba lenye maji, usiamini kwamba maji yamekuja na hati ya ardhi. Kibali cha maji kinaweza kuhamishiwa kwa mmiliki mpya, lakini uhamisho hauna nguvu mpaka halmashauri ipewe taarifa ya maandishi. Wakili wako aiweke kwenye orodha ya siku ya makabidhiano, pamoja na rekodi za mita za misimu iliyopita: zitakuonyesha kama muuzaji alikuwa akivuta alichoruhusiwa au zaidi.